Mlinzi wa Upande wa Kushoto

Nilipokuwa kidato cha pili niliwekwa mahali ambapo sikupataka. Jioni moja mwalimu wetu wa michezo alitupanga mstari uwanjani, akatutazama miguu kama mnunuzi wa ng'ombe atazamavyo kwato, kisha akasimama mbele yangu akaniuliza mpira naupiga kwa mguu gani. Nikamjibu kuwa ni wa kushoto. Alikuwa amekwisha kuniona nikikimbia, na mbio zangu hazikuwa za kumtisha mtu. Akasema, "Wewe mlinzi wa kushoto," akapita. Nilikuwa nimemwomba Mungu nipewe nafasi ya winga, mahali pa kukimbia na kushangiliwa. Nikapewa jezi nambari tatu, mahali pa kusubiri na kulaumiwa.

Ikiwa umepata kucheza mpira, msomaji, wajua kwamba watoto wakigawana majina ya wachezaji mashuhuri kabla ya mchezo, kila mmoja hujitwalia jina la mfungaji wa mabao. Sijapata kumsikia mtoto aliyegombania jina la mlinzi. Wala si ajabu. Mfungaji akifanya kazi yake vizuri, jambo hutokea, watu wakapiga kelele. Mlinzi akifanya kazi yake vizuri, hakuna jambo lililotokea. Na jambo lisilotokea halina wa kulisimulia. Akikosa mara moja, bao huingia, na hilo kila mtu hulikumbuka.

Nitakueleza baadaye nilivyoitumia jezi ile, maana sikuitumia vyema. Kwanza nataka nikupe habari za mtu mwingine aliyepewa jezi kama hiyo, akakaa nayo miaka ishirini. Nilizikuta habari zake nikiwa mtu mzima tayari, siku moja nilipokuwa nikipekua kitabu cha kumbukumbu za kandanda ya Uingereza nikitafuta jambo jingine kabisa. Palikuwa na orodha ya wachezaji waliochezea klabu moja tu mechi nyingi za Ligi kuliko wenzao. Jina la juu kabisa halikuwa la mtu wa Manchester, wala wa Liverpool, wala wa Arsenal. Lilikuwa la John Trollope wa Swindon Town: mechi 770. Kando ya jina hilo paliandikwa nafasi aliyocheza, nami niliposoma nilijiona kana kwamba mtu ameniita kwa jina langu. Alikuwa mlinzi wa upande wa kushoto.

Swindon ni mji uliomo njiani baina ya London na Bristol. Wageni wengi waliujua kwa reli tu. Mwaka 1843 kampuni ya Great Western Railway ilifungua karakana kubwa hapo, na kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja maelfu ya wanaume wa mji ule waliamka kwa king'ora cha karakana wakaenda kutengeneza vichwa vya treni na mabehewa. Mwezi wa Machi mwaka 1960 walimaliza kichwa cha mwisho cha moshi kilichoundwa kwa ajili ya reli za Uingereza, wakakipa jina la Evening Star. Miezi mitano baadaye, tarehe 20 Agosti, kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Wroughton, kijiji kilicho karibu na mji huo, aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza kuichezea klabu ya watu hao wa karakana. Wapinzani wao siku hiyo walikuwa Halifax Town.

Yafaa nikueleze ngazi ya kandanda ya nchi ile ilivyokuwa, ili usidhani kwamba kijana huyo aliingia katika utukufu. Ligi ilikuwa na klabu 92, zimegawanywa katika madaraja manne. Daraja la Kwanza lilikuwa la klabu ambazo majina yake yalifika mpaka kwetu kwa redio na magazeti. Swindon ilikuwa katika Daraja la Tatu. Huko hakuna aliyekwenda kutafuta umaarufu. Msimu ulianza mwezi wa Agosti ukaisha Aprili au Mei, na klabu ilicheza mechi 46 za Ligi, mbali na zile za vikombe. Safari zilikuwa ndefu, kwa miji ya viwanda ya kaskazini na miji ya pwani ya kusini. Viwanja viligeuka matope wakati wa baridi, na kuna Jumamosi zilizochezwa mvua ikinyesha mbele ya watu elfu chache waliokunja makoti yao shingoni.

Kazi ya mlinzi wa pembeni katika zama hizo ilikuwa na mipaka iliyo wazi. Kila timu ilikuwa na winga wa kulia, mtu mwepesi, mjanja, mwenye kupenda kumchezea mlinzi kama paka amchezeavyo panya. Huyo ndiye aliyekuwa mgeni wa Trollope kila Jumamosi. Mlinzi mwenye pupa humrukia winga mapema, naye humpita upande wa pili akamwacha ameketi chini. Mlinzi mwenye akili hurudi nyuma taratibu, macho kwenye mpira wala si kwenye mabega yanayodanganya, akimsukuma mwenziwe kidogo kidogo kuelekea mstari wa pembeni, mpaka winga aone kwamba uwanja umemwishia. Mpira ukiwa upande wa pili, mlinzi huyo huyo haruhusiwi kusimama akitazama. Hana budi kusogea ndani, nyuma ya mlinzi wa kati, ili mwenziwe akishindwa pawe na mtu. Mara tisa katika kumi mwenziwe hashindwi, na safari ile ya hatua kumi imekuwa bure. Watazamaji hawaioni. Lakini ni lazima iendwe mara zote kumi, kwa sababu haijulikani ni ipi.

Niliketi na kalamu nikapiga hesabu. Mechi 770, kila moja ya dakika 90, ni dakika 69,300. Nazo ni saa 1,155. Nazo ni kama siku 48, mchana na usiku bila kulala. Fikiri mtu aliyesimama siku 48 katika ukanda mmoja wa majani, upande mmoja wa uwanja, akizuia.

Meneja aliyemwingiza, Bert Head, alikuwa mtu wa kuamini vijana, na vijana wake walimlipa mema. Mwaka 1963 Swindon ilipanda Daraja la Pili kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Katika kundi hilo mlikuwa na Mike Summerbee, winga wa kulia, na Ernie Hunt, mshambulizi. Lakini klabu ndogo yenye vijana hodari ni kama shamba lililo kando ya njia: wapitao huyaona matunda. Mwaka 1965 Swindon iliposhushwa tena Daraja la Tatu, Summerbee alikwenda Manchester City, akawa mashuhuri, akaichezea nchi yake. Hunt alikwenda Wolverhampton Wanderers. Baadaye, mwaka 1972, Don Rogers, aliyependwa kuliko wote, alinunuliwa na Crystal Palace. Trollope alibaki.

Hapa nakuomba usiharakishe kumsifu mtu kwa uaminifu kabla hujajua kama mlango ulikuwa wazi. Trollope alipoanza, mchezaji wa kulipwa wa Uingereza hakuruhusiwa kupata zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata awe hodari namna gani. Sheria hiyo iliondolewa Januari 1961, baada ya wachezaji kutishia kugoma. Tena mkataba ulipokwisha, klabu iliweza kukataa kumwacha mchezaji aende kwingine. Mchezaji mmoja, George Eastham, aliishtaki klabu yake ya zamani, Newcastle United, na mwaka 1963 jaji akaamua kwamba utaratibu ule ulimzuia mtu kufanya kazi yake pasipo haki. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya Trollope haipimwi kwa mizani ya mapenzi peke yake. Mkulima aliyefungwa kwenye shamba hatumwiti mwaminifu kwa shamba. Lakini baada ya hapo minyororo ililegea, wenzake wakaenda mmoja mmoja, na miaka ikaendelea kumkuta palepale. Wako watu wanaokaa kwa kupenda, na wako wanaokaa kwa sababu hawakuitwa. Kwa winga aliyekuja kumkabili siku ya Jumamosi tofauti hiyo haikuwa na maana. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: mlinzi yupo, au hayupo?

Alikuwapo. Kutoka mwaka 1961 hadi mwanzo wa msimu wa 1968 alicheza mechi zaidi ya 300 mfululizo pasipo kukosa hata moja. Nimewauliza wanafunzi wangu ni nani kati yao aliyehudhuria masomo muhula mmoja mzima pasipo kuumwa tumbo, pasipo msiba, pasipo kisingizio; hakuinuka mkono. Mtu huyu alipitisha miaka saba katika kazi ya kupigwa mateke. Kisha mwezi wa Agosti 1968 alivunjika mkono, na mfululizo ule ukakatika.

Angalia jinsi mambo yanavyopangika. Msimu ulioanza kwa mkono kuvunjika ndio uliokuja kuwa msimu mkubwa wa Swindon. Walipita hatua baada ya hatua katika Kombe la Ligi, wakawashinda Burnley wa Daraja la Kwanza katika nusu fainali iliyohitaji mechi tatu, na tarehe 15 Machi 1969 wakafika Wembley kupambana na Arsenal. Mkono ulikuwa umepona. Trollope alikuwamo.

Karibu watu laki moja walikuwapo. Uwanja ulikuwa mbaya mno. Mwaka uliotangulia yalifanywa hapo maonyesho ya farasi yaliyoharibu majani, tena mvua ilikuwa imenyesha, na baadhi ya wachezaji wa Arsenal walikuwa wametoka kuugua mafua. Mgala muue na haki umpe: Arsenal walishambulia zaidi kuliko Swindon, na mlinda mlango Peter Downsborough aliokoa mipira ambayo mtu angedhani imekwisha kuingia. Bao la kwanza walipata Swindon, kwa sababu mlinzi mmoja wa Arsenal na mlinda mlango wake hawakuelewana, mpira ukamfikia Roger Smart karibu na lango. Nimemhurumia mlinzi huyo kuliko nilivyomfurahia Smart. Zilipobaki dakika chache Bobby Gould akasawazisha, na watu wa karakana wakadhani kwamba ndoto imekwisha.

Mechi ikaongezwa nusu saa. Katika nusu saa hiyo Don Rogers alifunga mara mbili. Bao la pili kati ya hayo bado lasimuliwa Swindon kama babu zetu walivyosimulia habari za vita: alichukua mpira karibu na katikati ya uwanja, akakimbia peke yake katika matope yale wenziwe wakiwa hoi, akamzunguka mlinda mlango Bob Wilson, akautia wavuni. Matokeo yakawa 3 kwa 1. Klabu ya Daraja la Tatu ilichukua kombe mbele ya Arsenal, na kabla msimu haujaisha ikapanda tena Daraja la Pili. Lakini ilinyimwa nafasi ya kwenda kushindana katika Kombe la Maonyesho la Ulaya, kwa sababu nafasi ile mshindi aliipata tu ikiwa yumo katika Daraja la Kwanza. Hata mshindi, basi, aliulizwa kwanza anatoka wapi.

Sasa nisikilize vizuri. Rogers alicheza winga wa kushoto; yaani alicheza mbele ya Trollope hasa, katika ukanda ule ule mmoja. Mmoja alikwenda, mwingine alibaki. Mmoja alikuwa na ruhusa ya kupoteza mpira, kwa sababu nyuma yake palikuwa na mtu. Leo ukienda County Ground, uwanja wa Swindon, utaona jukwaa moja lina jina la Don Rogers, na amelistahili. Sitaki kumpunguzia hata herufi moja. Ila nimejiuliza mara nyingi kama angethubutu kukimbia vile, miaka yote ile, kama kila alipogeuka angekuta nyuma yake ni patupu.

Swali hilo silo la kitabuni. Mimi nalijua jibu lake, na hapa ndipo ninapokuja kwenye jezi yangu.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya mashindano ya mabweni, mwaka wangu wa tatu. Wasichana wa shule jirani walikuwa wamealikwa. Zilipobaki dakika kidogo hatukuwa tumefungana, nami nilikuwa nimechoka kuwa mtu asiyeonekana. Mpira ukanijia, badala ya kuutoa, nikaondoka nao. Nikampita mmoja, nikampita wa pili, nikasikia kelele za kushangilia ambazo sikuwa nimezisikia maishani mwangu, na mbele ya lango lao nikanyang'anywa. Kunyang'anywa si kosa. Hata Rogers alinyang'anywa. Kosa langu ni lililofuata. Sikukimbia kurudi. Nilisimama nimeshika kiuno, nikihema, nikitumaini kwamba bado natazamwa. Mpira ulirushwa mbali, winga wao akapita mahali pangu kama mtu apitaye katika nyumba iliyohamwa, na mlinda mlango wetu akatoka peke yake kumkabili. Mpira ukapita chini ya tumbo lake.

Hakuna aliyeuliza mlinzi wa kushoto alikuwa wapi. Wote waliona mpira umepita chini ya mlinda mlango. Usiku ule katika bwalo walimwita Chekeche, na jina likamganda mpaka tulipomaliza shule. Tulilala vitanda viwili vinavyofuatana. Sentensi moja kutoka kinywani mwangu ingalimtua mzigo ule, sikuisema. Zaidi ya hayo, nilicheka wenzangu walipocheka, ili nisiwe tofauti. Hakusimama langoni tena.

Nimemaliza hapo, narudi kwa Trollope. Ilipofika mwaka 1978 umri ulikuwa umemfikia, akaacha kucheza, akakabidhiwa kazi ya kufundisha vijana wa klabu. Wakati huo rekodi ya mechi nyingi kwa klabu moja ilikuwa ya Jimmy Dickinson wa Portsmouth, mtu aliyeichezea nchi yake mara 48 na ambaye, katika mechi zake 764 za Ligi, hakupata kuandikwa jina na refa. Mwaka 1980 Trollope, akiwa na miaka 37, alirudishwa uwanjani akaipita rekodi hiyo, akafikisha 770. Uingereza haikumwita hata mara moja kuichezea timu ya taifa. Alitunukiwa nishani ya MBE.

Hadithi ingekuwa tamu kama ingekoma hapo, lakini maisha hayakati nyuzi mahali panapopendeza. Mwaka 1981 alifanywa meneja wa klabu ile ile, na mwaka 1982 klabu ikashuka mpaka Daraja la Nne, jambo ambalo halijapata kuwafika. Mtu aliyezuia miaka ishirini alikuwa ndiye aliyekaa kitini walipoanguka chini kabisa. Mwaka 1983 aliacha kazi ya umeneja. Miaka mitatu baadaye karakana ya reli nayo ikafungwa. Akarudi kwa vijana, kuwafundisha wale wa miaka kumi na sita na kumi na saba. Katika kila kundi la vijana wa namna hiyo, nadhani, palikuwa na mmoja aliyepewa jezi nambari tatu akanuna.

Miaka michache iliyopita mwalimu wetu wa michezo alifariki, na wanafunzi wake wa zamani tulikwenda kumzika. Baada ya maziko niliketi kwenye benchi chini ya mwembe, na mtu mnene mwenye mvi akaja kuketi kando yangu. Ilinichukua muda kumtambua. Tuliulizana habari za watoto na za mvua. Kisha nikamwambia, "Ndugu yangu, bao lile la mabweni halikuwa lako. Nilikuwa nimeacha mahali pangu. Nilikuwa kule mbele, nimesimama."

Hakugeuka kunitazama. Alikuwa akiwaangalia watoto waliokuwa wakipiga chandarua kilichofungwa duara kama mpira, nyuma ya nyumba ya marehemu.

"Nilijua," akasema. "Mimi nilikuwa langoni, bwana. Uwanja wote ulikuwa mbele yangu."

Kisha akaniuliza kama nimekwisha kunywa chai.